Eksirei ya Kitambaa

Uzi ulifika Kisumu ndani ya mfuko wa karanga, umebebwa na jirani yetu wa Katito, nyumbani kwa mama, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Ulikuwa uzi mweupe wa fundi wa nguo, umefungwa mafundo. Nikafungua simu nikasikiliza ujumbe wa sauti wa mama.

"Nyathina, mwanangu, fundo la kwanza ni hapa mwisho wa kiganja, la pili ni kiwiko, la mwisho ni bega. Usishone ya kubana. Huu mkono hufura jioni."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa maabara akaja kuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilielewa kwamba mama alikuwa ananingoja.

Kosa lilitokana na neno moja. Mimi na mwenzangu tunatengeneza utando mwembamba wa kunasa eksirei. Tunapaka semikondakta za aina mpya, yaani vitu vinavyopitisha umeme pale tu vinapochokozwa, juu ya plastiki laini. Miale ikivichokoza, umeme unatoka, na kompyuta inaugeuza kuwa picha. Siku mama aliponiuliza hasa nafanya kazi gani, nilimjibu, "Ni eksirei inayokunjika kama kitambaa." Kwa mama, kitambaa ni kitambaa tu: hupimwa, hukatwa, hushonwa.

Tena alikuwa na sababu ya kukitaka. Kiwiko chake kilivunjika zamani alipoteleza na ndoo ya maji, kikaunga kikiwa kimepinda. Mara ya mwisho alipopigwa picha, walimkandamiza mkono ili ulale kwenye sahani ngumu ya mashine, naye akaapa kwamba harudi tena. Sasa vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na daktari alitaka picha mpya upesi, kabla mkono haujapooza. Mama akamjibu asijali, yake inashonwa.

Alichokuwa akikingoja kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Na hata hicho, unyevu wa ziwa haukukiacha kipumue. Msimu ule wa mvua tulikuwa tukiuacha utando ukiwa mweusi, tukirudi tunaukuta wa manjano, umeharibika. Nililitukana ziwa nililolelewa kando yake. Mwenzangu, mtu mpole wa Kakamega, akaniambia subira huvuta heri. Nikamwambia heri hiyo akaihubirie vidole vya mama yangu. Hakukasirika. Alirudi kuziba kingo za utando upya, kwa mkono ule ule mtulivu, nami nikamletea chai kwa aibu.

Hatimaye utando mmoja ukavumilia. Tulihitaji kitu chenye mfupa uliopinda ili tuujaribu, na kwa kuwa mwenzangu ni Mluhya, na Waluhya wanasifika kwa kupenda kuku, kuku alipatikana bila mjadala. Tukalizungushia bawa utando wetu, bawa likiwa limejikunja vilevile. Picha ilitoka na madoadoa, pembeni ina ukungu, lakini kiungo kilionekana wazi. Tulikumbatiana kama watu waliofunga bao.

Jumamosi nikaenda Katito kumwonyesha mama. Alifuta miwani, akaishika simu mbali kidogo, akaitazama ile picha ya bawa kwa muda mrefu.

"Huyu amelala venye anataka," alisema, na nikasikia wivu katika sauti yake. "Hakuna mtu alimfinya. Sasa yangu ni lini?"

Nilimwambia ukweli. Kutoka bawa la kuku hadi mkono wa binadamu kuna miaka ya majaribio, na huenda utando huo usimkute. "Mama, usiningoje," nikasema, machozi yakinitoka. "Naogopa mkono utakufa ukiningojea mimi."

Mama alimenya karanga kadhaa, akaniwekea kiganjani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Nilimpenda sana wakati ule, na nilikuwa na hakika kwamba atakataa.

"Kwani mikono imepinda itaisha duniani?" aliuliza. "Wewe endelea kushona. Hospitali nitaenda."

Jumatatu nikampeleka. Alivaa gauni la kanisa na kujipaka mafuta, maana picha ni picha. Mpigaji eksirei, mama wa makamo mwenye adabu, alimwambia, "Pole, Mama, itabidi tunyooshe kidogo." Kisha mlango ukafungwa, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Mimi ambaye eksirei ndiyo kazi yangu sikuwa na la kufanya ila kukaa. Nilimsikia mama akilia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata msibani.

Mpigaji eksirei alifungua mlango, akaniambia picha imetoka vizuri, daktari ataisoma mara moja. Mama akafuata nyuma yake, amekishika kiwiko, macho yamelowa. Alisimama mbele yangu.

"Umenisikia nikilia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Haya. Enda kazi."