Koromo la Saa Tisa

Mimi hutengeneza kompyuta za watu hapa Voi, kwa hiyo aibu hii siwezi kumsukumia mtu.

Kompyuta yangu ya gemu niliiunda mwenyewe, nikaiweka katika chumba cha marehemu babu na kuifunika juu kwa kitambaa chake cha kufuma, vumbi letu jekundu lisiingie. Kila Jumapili nilianza kucheza saa nane na nusu. Ikifika saa tisa, saa ile ile aliyokata roho babu, wanajeshi kwenye skrini walianza kutembea polepole, kama watu wanaofuata jeneza. Ndani ya mashine kitu kilikoroma, kikipanda na kushuka, jinsi babu alivyohema siku zake za mwisho.

Nilibadilisha memori. Nikafuta kila kitu, nikaweka programu upya. Saa tisa, koromo lile lile. Nywele zikanisimama.

Jumapili iliyopita nikamwita Mama Mghoi wa kikundi cha maombi. Saa tisa ilipofika, akaweka mkono juu ya mashine, akafumba macho. Koromo likazidi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nikimwomba babu msamaha kwa sauti.

"Uwi, inachoma!" Mama Mghoi akakivuta kile kitambaa.

Hewa ya moto ikafumka kwenye matundu. Koromo likafifia taratibu, likanyamaza. Wanajeshi wakaanza kukimbia.

Akakitazama kitambaa, kisha akanitazama pale chini.

"Kwani si ni wewe ulinigombeza dukani kwako mwezi jana, eti nikifunika kompyuta itakosa hewa?"