Nilijaza Mchanga Kwenye Nguzo za Jukwaa

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kabla sijaanza kutafuta mtu wa kumbebesha, maana najijua. Nina mdomo.

Mimi ni mzee wa huku mpakani, kati ya Malaba na Busia. Jina sitaandika. Wanaonijua watanijua tu, na wanaonitafuta tayari wanajua nyumba yangu. Naandika lango likiwa na kufuli mchana. Ni woga! Mimi niliyekuwa nikigombana na madereva wa trela katikati ya barabara, leo gari likipunguza mwendo mbele ya lango langu nakimbilia chooni.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza kwa kuchomelea keria za baiskeli, zile za kuvusha watu na magunia upande wa Uganda. Keria yangu ilibeba mama mnene na gunia lake la mahindi na haikupinda. Kutoka keria nikaenda milango, kutoka milango nikaenda trela. Leo nina karakana, nina mafundi, nina nyumba ya ghorofa. Hakuna aliyenishika mkono! Mainjinia wenye vyeti vyao huja kuniuliza. Nasema haya si kwa kujisifu. Ama basi, ni kujisifu. Ndiko kulikoniponza.

Sasa sikia.

Kuna mtu tunamwita Katibu. Ni mkubwa wa mpira huku kwetu, tena ni mmoja wa wale wanaopanda ndege kwenda kupiga kura kwenye mikutano ya shirikisho la kimataifa. Siku moja asubuhi alifika karakana, akaniita kando.

"Mzee, mashindano ya mataifa yanakuja. Mechi zingine zitachezwa hapa kwetu, uwanja wetu huu."

"Nani amesema? Si wakaguzi hawajafika bado?"

Akacheka. "Kura zilishapigwa, mzee wangu. Sisi tuliwapa wenzetu wa nchi nyingine zetu kule, wao wakatupa zao huku. Wakaguzi wanakuja kula kuku na kutia sahihi."

Alitaka jukwaa la chuma upande wa mashariki, na alilitaka haraka. Nikamtajia mabomba ninayohitaji, mazito, yale ninayotumia kwa trela. Yalipoletwa nikaligonga moja kwa kidole. Mungu wangu! Lililia kama debe.

"Katibu, haya ni ya banda la kuku."

"Yale mazito yameliwa njiani." Alisema hivyo hivyo, bila haya. "Huwezi? Nitafute injinia mwenye shule? Mimi nilidhani wewe ndiye fundi."

Hapo ndipo aliponipata. Angenitisha ningemfukuza. Angenibembeleza ningekataa. Alinidharau, nami nikataka kumwonyesha! Akaongeza kwamba jukwaa litaandikwa jina langu kwa rangi, na kwamba nitapanda ndege naye kwenda mkutano mkuu, nikakae na wakubwa wa mpira wa dunia. Mimi, wa darasa la tatu.

Lakini usidhani Katibu ndiye aliyenifundisha ujanja. Ujanja ni wangu mwenyewe, na hilo ndilo ninalokuja kuungama. Bomba jembamba ukiligonga hupiga kelele. Bomba zito hunyamaza. Nikaagiza lori la mchanga mzuri kutoka upande wa Rukala, tukauanika ukakauka, tukaujaza ndani ya kila nguzo, tukashindilia kwa nondo. Juu nikaziba kwa kibati. Kisha nikapaka rangi mara tatu.

Fundi wangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wake, aliniuliza, "Mzee, huu mchanga unabeba nini?"

"Unabeba mdomo wako. Shindilia!"

Wote wakacheka. Nilicheka pia.

Wakaguzi walikuja watatu. Wawili waliketi kivulini na Katibu, wakauliza soda. Wa tatu alikuwa mama mrefu, sijui wa nchi gani, na huyo alikuja na spana mfukoni. Alitembea nguzo kwa nguzo akigonga. Nguzo zilinyamaza kama mwamba. Aliridhika na nguzo, lakini niliona hajaridhika na mimi. Akaniangalia usoni, akamwambia mkalimani aniulize:

"Mzee, wewe uliyejenga, unaweza kuketisha watoto wako hapa?"

Nikajibu, "Hata wajukuu."

Akanipa mkono. Akatia sahihi, nami nikatia yangu chini ya yake, polepole, kwa sababu ndicho kitu pekee ninachojua kuandika vizuri. Siku hiyo nililala kama mtoto. Hebu fikiria!

Ng'ambo nilienda kweli. Suti ilinibana makwapa. Ukumbini walikuwa wakichagua nchi ya kuandaa mashindano mengine, ya mbele huko. Wageni walisimama kusoma hotuba, wakaonyesha filamu za viwanja vizuri. Nikakaza macho. Mzee mmoja wa nchi jirani aliyekuwa kando yangu akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, "Usijichoshe na hotuba, boss. Mashindano yanapelekwa kwa wale wa mbele pale. Mambo yalimalizwa jana kwenye chai."

Na kweli! Walipotangaza, watu wakaruka juu kama walioshangaa, wakakumbatiana kama watu waliogawana ng'ombe wa wizi bila kugombana. Nami nilipiga makofi. Ningekuwa na akili ningeogopa pale pale. Mimi nilijiona mkubwa.

Nikarudi. Mvua zikaanza.

Vile vibati nilivyoziba juu viliziba macho ya watu, havikuziba maji. Mchanga ukanywa maji mwezi baada ya mwezi, ukakaa nayo ndani ya chuma chembamba. Nje rangi iking'aa, ndani kutu inakula.

Nilijuaje? Kulikuwa na mechi ya majaribio, mchana, timu ya madereva na timu ya sokoni. Niliketishwa chini, mbele kabisa ya jukwaa, kiti cha heshima. Madereva wakafunga bao. Watu jukwaani wakaruka, wakatua kwa pamoja. Nikasikia kitu nyuma yangu, kama mtu anamwaga mchele. Nikainama kuangalia. Chini ya nguzo, mchanga mwekundu ulikuwa unatoka, umeshafanya kichuguu. Nikachomoa ufunguo wa pikipiki, nikausukuma kwenye nguzo nione.

Uliingia wote! Kama kidole kwenye ugali!

"Shukeni!" nikapiga kelele. "Shukeni, jukwaa linaoza! Shukeni!"

"Mzee amelewa!"

"Mzee, timu yako imefungwa, kubali ukae chini!"

Nikapanda nikaanza kuvuta watu mashati. Mama mmoja wa sokoni alinipiga na mwavuli. Mechi ikaisha, wakashuka wenyewe wakicheka. Na jukwaa halikuanguka. Hilo ndilo linaloniua! Lingeanguka siku hiyo baada ya watu kutoka, ningeshukuru. Limesimama, na kila aliyeshuka sasa anaapa kwamba ni imara.

Nilikimbia hadi ofisini kwa Katibu. Nikamwambia nguzo zimeoza, hamisha mechi.

"Una cheti gani cha kusema hivyo?"

"Mimi ndiye niliyejenga!"

"Kweli kabisa." Akafungua droo, akaweka karatasi mezani. "Na sahihi hii ni ya nani, mzee? Likianguka, muuaji ni wewe. Likisimama, shujaa ni wewe. Basi omba lisimame."

Alisema hayo akikoroga chai. Hakupandisha hata sauti.

Jumapili nikasimama kanisani mbele ya watu wote, nikasema kila kitu, mchanga, vibati, spana. Nilifikiri nikishatema nitapumua. Mzee mwenzangu wa kanisa akainuka: "Ndugu zangu, sote tunajua kuna mji uliokosa mashindano haya. Tujiulize huyu mzee amenunuliwa na nani."

Mimi! Niliposema uongo walinibeba mabegani. Niliposema kweli, nimenunuliwa. Sasa nikipita stejini wavulana wa boda wanaita, "Mzee, walikupa ng'ombe ama mbuzi?" Wateja wamehama. Mafundi wangu wawili wameondoka, na yule aliyeniuliza kuhusu mchanga ukimuuliza leo anasema hakuona kitu. Simlaumu. Ana watoto.

Kisha likaja lile gari. Wanaume wawili, hawakushuka. Walishusha kioo, wakauliza karakana hufungwa saa ngapi, na kama mimi hutembea peke yangu. Basi. Wakaenda zao. Dereva mmoja wa Uganda, rafiki yangu wa miaka mingi, alikuwa pale akisubiri trela yake. Alinivuta pembeni akasema, "Ssebo, bwana wangu, vuka ukae kwangu Tororo kidogo. Hawa watu wa mpira si wa kucheza nao."

Nilikaribia kwenda! Nguo nilikuwa nimefunga.

Kilichonirudisha ni karatasi iliyobandikwa sokoni. Siku ya mechi ya kwanza, wanafunzi wa shule za msingi, kuanzia Nambale hadi Butula, wataingia bure na kupewa bendera. Katibu anataka televisheni ionyeshe uwanja umejaa. Na watoto hao wamepangiwa wakae wapi? Jukwaa la mashariki. Watoto! Na unajua mtoto akiona bao hukaa? Huruka!

Wiki jana, mchana kweupe, nikabeba mtungi wangu wa gesi ya kukatia chuma nikaenda nikakata ngazi zote mbili za jukwaa. Nilisema wakikosa pa kupandia watakaa kwenye nyasi. Askari waliniweka ndani mpaka jioni. Nilipotoka, ngazi zilikuwa zimechomelewa tena. Kazi mbovu, chuma kimekaa upande. Nilisimama pale nikikasirikia ile kazi mbovu ya mwingine, mimi! Mtu ana kiburi mpaka kaburini.

Mke wangu hajanisema tangu mwanzo. Mjukuu wetu mdogo ameletewa bendera shuleni, anashinda uani akiipepea na kuimba. Juzi mke wangu alimpokonya, akaichana vipande viwili mbele yangu. Mtoto akalia.

"Wetu atabaki nyumbani," mama watoto akaniambia. "Na wa watu wengine?"

Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba.

Jibu nimelipata. Nimeenda polisi, wamenifukuza. Nimepiga simu kwenye redio, wamekata. Wakaguzi wale sijui hata walikoishia, na yule mama mrefu najiuliza kama analala. Kwa hiyo imebaki njia hii: gazeti, na mwili wangu.

Wewe fundi unayesoma hii, mtu akija kukudharau ili ufanye kazi mbovu, kubali dharau! Mwambie huwezi. Mwambie hujui. Acha akucheke aende kwa mwingine. Kicheko cha siku moja hakijaua mtu. Mimi nilikataa kuchekwa na mtu mmoja, leo nahesabu pumzi za watoto wa watu.

Na ninyi mnaosema mambo ya kura za mashindano ni ya wakubwa, huko ng'ambo, hayatuhusu: wanapokula kule juu, kinachopungua ni chuma kilicho chini ya mtoto wako. Nimekiona. Nimekipaka rangi kwa mkono wangu.

Mzazi, Jumamosi ijayo mkatalie mtoto, hata akilia. Wangu alilia na hajafa.

Na mwalimu, nakuomba kwa magoti. Utaambiwa upandishe darasa lako haraka, kamera zinasubiri. Usipande bado. Inama kwanza uangalie chini ya jukwaa, kati ya nguzo. Nitakuwa nimeketi hapo, mzee mwenye koti la kahawia. Nitaingia alfajiri, na wakinitoa nitarudi, na wakinitoa tena nitarudi. Naogopa, sikudanganyi! Hakuna anayelijua lile jukwaa kama mimi, na najua namna litakavyoshuka. Ukinikuta pale, nihesabu mimi kuwa wa kwanza kufa, kisha warudishe watoto nyumbani.