Mayai ya Kishingo Chini ya Kitanda

Mimi na mayai ya kuatamiwa hatuna mchezo. Yai la kukaanga liweke unapotaka, hata juu ya friji, shauri yako. La kuatamiwa lina adabu zake: lisioshwe, lisitikiswe, lisione jua, likae ncha chini kwenye pumba kavu, mahali penye ubaridi, na zisipite siku kumi. Hivyo ndivyo alivyonifunza mama yangu kule Mkange. Siku naolewa kuja Zinga, alinipa mtetea na jogoo, wote wa kishingo, shingo tupu kana kwamba mtu alianza kuwanyonyoa akaitwa. Harusi nzima ilicheka, na aliyecheka kuwashinda wote ni mama mkwe wangu. Mama akasema, "Cheka tu, mzazi mwenzangu. Hawa hawasikii joto."

Mama alifariki, kuku wakabaki. Mwaka juzi kikapita kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikafagia banda zima. Jogoo wa mwisho alikufa Ijumaa, nikamlilia mpaka majirani wakaja kuuliza msiba wa nani. Nikabaki na mtetea mmoja, mzee, mkali, lakini anataga. Nilijua mbegu ya jogoo hukaa ndani ya mtetea siku kadhaa baada ya jogoo kuondoka, kwa hiyo mayai ya siku zile ndiyo yalikuwa ya mwisho. Yakiharibika hayo, basi, kuku wa mama wamekwisha.

Kuyaacha kiotani ni kuwaandalia kunguru chai. Kila mchana niliokota yai, nikamwachia mtetea moja bovu la kumdanganyia. Nyumba yetu ya bati, mchana ni tanuri. Penye ubaridi ni chini ya kitanda chetu tu, kwenye saruji. Nikaweka pale beseni la pumba, nikayachomeka mayai, nikayafunika kwa kipande cha kaniki nyeusi yasipigwe na mwanga. Na ili nijue lipi la siku gani, nikaliandika kila moja kwa mkaa, kwa namba za Kiarabu tulizofunzwa madrasa: tano kama kiduara, saba kama panda ya manati. Mama naye aliandika hivyo hivyo.

Yalipofika manane, mama mkwe akatokea kutoka Vigwaza, bila hata kupiga simu. Anaingia uani, anamkuta mwanawe wa pekee amekalia mbuzi, anakuna nazi. Mimi nimejinyoosha mkekani, nala embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Niliruka kama nimeungua.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba," alijibu, macho hayatoki kwenye ile nazi.

Mwanamume kukuna nazi mkewe amelala! Kwa mama mkwe hilo lina jina moja tu: limbwata. Mwanawe kalishwa dawa.

Akaomba pa kuswali adhuhuri. Nikamtandikia mswala chumbani kwetu, mahali pasafi kuliko pote, nikaenda dukani kufuata sukari. Sikufikiria kwamba mtu akisujudu, jicho lake linaingia moja kwa moja chini ya kitanda.

Narudi, nyumba nzima ubani. Mama mkwe kakaa sakafuni, chetezo kinafuka. Kaniki imetupwa kule. Mayai yangu manane yamepangwa kwenye sinia, meupe pee, yananukia marashi. Alikuwa ameyaosha, moja moja, kwa maji ya waridi. Hata chembe ya mkaa haikubaki.

"Mama, umefanya nini?"

"Lililonipasa. Yasini nimeisoma, Ayatul Kursi nimeisoma. Sasa yakatupwe baharini. Wewe binti, mwanangu alikukosea nini?"

Mwee! Nilipandwa na hasira, nikayasema ambayo mkamwana hamwambii mkwewe. Nikamwambia yai lina utando wake, ukiliosha umeufungulia uchafu mlango. Nikamwambia hawa ni kuku wa marehemu mama yangu, wa mwisho, naye kawaosha kama anaosha maiti. Nikalia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja. Baba watoto alichungulia mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye nazi yake.

"Mayai ya kuku yanaandikwa Kiarabu?" akauliza mama mkwe, taratibu sasa.

"Ni tarehe!"

"Na kaniki?"

"Ya kuzuia mwanga!"

"Na nazi?"

"Nazi anapenda mwenyewe!"

Akakizima chetezo.

Mayai yaliyooshwa hayasubiri. Bahati nzuri mtetea alikuwa ameshataka kuatamia, anavimba na kung'ang'ania lile bovu, nikamwekea yote manane alasiri ile ile.

Mama mkwe alikuja kwa siku mbili. Hakuondoka. Msamaha hakuomba, ila kila asubuhi alibeba kigoda mpaka mlangoni pa banda, akakaa na fimbo, akawatukana kunguru mmoja baada ya mwingine. Mimi nilimpa shikamoo na chakula, basi. Nilikuwa na kinyongo, sifichi.

Siku ya ishirini na moja, kimya. Nikasema yameoza, nikaingia ndani kulia peke yangu. Kesho yake asubuhi napeleka maji bandani, namkuta mama mkwe kapiga magoti kwenye mavi ya kuku, na kanga yake nzuri. Yai moja lilikuwa limepasuka. Kiganjani mwake alishika kifaranga kilicholowa, shingo tupu, kibaya kweli kweli, kinalia kwa nguvu zote. Hakujua kama niko nyuma yake.

"Karibu, mzazi mwenzangu," alikuwa anakiambia. "Nilicheka, tena nikamdhania mwanao vibaya. Unisamehe."

Nikaweka maji chini, nikapiga magoti karibu yake.