Bakuli la Kaka

Nilijiunga na kundi la waandishi kwenye simu kwa sababu ya uvivu wangu. Kila alfajiri kiongozi wa kundi alitutumia sentensi moja, nasi tukaandika ukurasa mmoja wa hadithi kutokana nayo kabla ya kwenda kazini. Mimi niliandikia jikoni, mama akiwa kwenye kigoda chake karibu na moto. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, lakini alipenda kusomewa, basi nikawa namsomea.

Siku moja sentensi ilikuwa hii: "Mlangoni amesimama mtu mliyemzika." Mwenye akili angeiruka. Mimi nikajiona hodari. Nikamwandika kaka yangu, aliyefukiwa na udongo shambani mvua zilipoporomosha mlima, akirudi kutoka Muheza na kapu la machungwa. Kaburi lake liko nyuma ya jiko, kati ya migomba. Nikamsomea mama huku naringa.

Hapo ndipo nilipokosea. Zamani mama hakutusimulia hadithi bila kutuita kwanza kwa maneno yake ya kuanzia, nasi tuitikie wote. Tusipoitikia, ananyamaza. "Asiyeitikia ataamini ni kweli," alikuwa akisema. Mimi sikumwita. Nilianza kusoma tu, kama mtu anayesoma barua.

"Amefika wapi sasa?" mama akauliza.

"Nani, mama?"

"Si kaka yako? Umesema katoka Muheza."

Akapakua makande kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akaliweka kando. Yeye mwenyewe hakula. Alisema atakula naye.

Kesho yake nilimshika mkono nikampeleka migombani, nikamwonyesha msalaba. Alilia kama siku ile ya kwanza, hadi majirani wakaja wakidhani tumepata msiba mwingine. Nilijichukia. Asubuhi iliyofuata kaburi alikuwa amelisahau, ila hadithi hakuisahau. Nikajaribu kumwita kwa yale maneno yake ya kuanzia. Alinitazama tu, bakuli mkononi, akingoja habari za mwanawe.

Siku hizi sentensi ya kundi hata siisomi. Ninayo yangu, na haibadiliki: kwa nini kaka amechelewa. Juzi mvua ilikata barabara. Jana lori liliharibika Korogwe. Nikimsomea, mama husema, "Masikini, pole yake," kisha anakula vijiko vitatu vinne. Nisipoandika, hatii kitu kinywani. Wenzangu kundini wananipongeza kwa kutokosa hata siku moja, wananiuliza siri yangu ni nini. Nawajibu ni mazoea.

Leo asubuhi sababu zimeniishia. Nikaandika kwamba kaka ameshafika Lushoto mjini, anapanda mlima kuja.

Mama akajifunga kanga safi. Akaongeza kuni, akabandika makande mengine, akaniambia nikafagie njia.

Nikachukua ufagio, nikaenda kufagia.