Mlevi Ni Mimi, Si Mume Wangu

Kabasinguzi alikuwa fundi cherehani hapa Fort Portal, na maharusi wengi wa mji huu walivaa kazi ya mikono yake. Alikuwa pia mlevi. Alianza na tonto, pombe ya ndizi, kama tunywavyo sote kwenye sherehe. Mumewe alipoondoka akahamia kwenye waragi, ile pombe kali, na waragi haikungoja sherehe. Taratibu watu wakaacha kumwita Abwoli. Kwetu Toro mtu hasalimiwi bila empaako, lile jina la mapenzi analopewa utotoni. Ukimnyima umemwambia kwamba hayupo. Wakawa wanamwita Chupa, na yeye akawa anaitika.

Asubuhi moja, akiwa amelewa, alijipitishia sindano ya cherehani kidoleni. Muuguzi aliyemsafisha kidonda hakumhubiria, alimuuliza tu kama angependa kuacha pombe. Kabasinguzi alimjibu kwamba hilo halimhusu. Muuguzi akamaliza kufunga bendeji, kisha akamwambia kuna watu hukutana Alhamisi jioni katika madarasa ya nyuma ya parokia. Wote walikuwa walevi, akasema, na huko hamna wa kumnyooshea mtu kidole.

Hakwenda. Lakini siku ya wazazi ilipokaribia, binti yake aliyekuwa sekondari alimwomba abaki nyumbani, ataenda shangazi badala yake. Msichana alisema hayo akitazama sakafu. Alhamisi iliyofuata Kabasinguzi alifunga duka mapema.

Darasani alikuta wanaume pekee, wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wao, dereva mstaafu wa lori aitwaye Atwoki, alisimama kumlaki kwa adabu.

"Karibu, mama. Wake zetu hukaa chumba cha pili. Mumeo ni nani, tumjue?"

"Sina mume. Mlevi ni mimi."

Mmoja alicheka. Mwingine akasema mwanamume hawezi kumwaga ya moyoni mbele ya mwanamke. Basi Atwoki akampeleka chumba cha pili. Wanawake wa huko walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akamwambia, bila chuki, kwamba wao huja pale kulia kwa sababu ya watu kama yeye. Akikaa katikati yao, watalilia wapi?

Mwingine angeshika njia ya nyumbani. Kabasinguzi alirudi kwa wanaume, akajibana kwenye dawati la mbele kabisa.

"Waragi haikuniuliza kama mimi ni mke au mume," aliwaambia. "Nyie mnaniulizia nini? Anayeona haya ageukie ukutani."

Hakuna aliyegeuka, ila maneno yalikuwa machache jioni ile. Pale kila mtu hujitaja kwa empaako tu. Ukoo na kijiji huachwa nje. Zamu yake ilipofika alisema yeye ni Abwoli na ni mlevi, nao wakamjibu kwa pamoja, kama walivyomjibu kila mtu, "Karibu, Abwoli." Aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mji mdogo hauna siri. Kaka yake, Rwakaikara, alimfuata dukani akakaa kwenye benchi la wateja.

"Dada, acha kwenda huko. Ulipokuwa unakunywa ulituaibisha mtaani tu. Sasa unatuaibisha mji mzima. Mwanamke anasimama kabisa anasema yeye mlevi! Nani atakuja kuoa kwetu?"

"Siku niliyolala mtaroni ulipita upande wa pili wa barabara. Nilikuona, kaka. Ulikuwa na haraka. Basi leo pia uwe na haraka, mimi nina kazi."

Akakanyaga cherehani mpaka kaka akaondoka.

Krismasi ilipofika alianguka. Alikunywa siku tatu mfululizo. Alhamisi aliingia darasani na macho mekundu, akasema amekunywa. Hakutoa sababu, hakuomba huruma. Kisha yule aliyemcheka siku ya kwanza akajikohoza, akakiri kwamba yeye anakunywa kwa siri tangu msimu wa kupanda maharage, na kila wiki huja pale kudanganya. Mwingine naye akafungua kinywa. Atwoki hakuwakemea, aliwamiminia chai. Tangu jioni ile habari ya kushindwa kusema mbele ya mwanamke haikurudiwa tena.

Sasa wanawake wawili wengine wanakuja. Abwoli hakugeuka malaika. Ulimi wake bado wembe, na yeye na Atwoki hugombana karibu kila mkutano. Wateja waliomkimbia enzi za pombe, wengine walirudi, wengine hawakurudi. Kaka yake hamwaliki tena kwenye sherehe za ukoo. Anakwenda hivyo hivyo.

Juzi juzi tulikuwa pamoja kwenye sherehe ya kumtoa bibi harusi. Mjomba wa binti alipita na kibuyu cha tonto, akasimama mbele yake, akamwomba aonje tone moja tu, kwa heshima ya bibi harusi.

"Gauni alilovaa nimelishona mimi," Abwoli alimwambia, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Heshima yangu yote iko mwilini mwake. Hiyo pombe kunywa wewe, mzee. Mimi nimekunywa ya kunitosha."

Watu waligeuka kumtazama, naye akawatazama mmoja mmoja mpaka wakarudi kwenye sahani zao. Kisha akaomba aongezewe maharage.