Sahani Zilizorudi Tupu

Kila ninapokaanga tambi kwa samli, iliki ikianza kutoa harufu tu, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi. Nimesimama kwenye korido ya ghorofa ya nne kule South Beach, Durban, nimebeba sahani kwa mikono miwili, mate yamenijaa mdomoni. Nimefunga, na jua la Januari halitaki kuzama. Mbele yangu kuna mlango wa Mama Divine. Watu wengi harufu hiyo huwaletea furaha ya Ramadhani. Mimi huniletea furaha na aibu pamoja, na leo nitawaeleza kwa nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumehama Tanga, Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha rangi huko Jacobs. Mwaka ule mfungo uliangukia likizo ya shule, katikati ya kiangazi cha Durban, na kiangazi cha Durban si cha mchezo. Tulifuturu karibu saa moja jioni. Mchana kutwa, chini ya dirisha letu, wageni waliokuja kuogelea walikuwa wakilamba aiskrimu bila haya wala huruma. Mama alikuwa akivuta pazia akisema nisifungue kwa macho.

Lakini pua huwezi kuivutia pazia, na jengo lile lilikuwa linapika kutwa. Chini kabisa palikuwa na duka la bani, yaani mkate mzima unaochimbwa katikati na kumiminiwa mchuzi wa kondoo au wa maharage, na yale matumbo ya mkate yanawekwa juu kuwa kifuniko. Mlinzi wa mlangoni, Mzulu mmoja mpole, alikula ugali wake wa chengachenga na maziwa ya mgando. Ghorofa ya pili aliishi Aunty Savi, Mhindi, ambaye achari yake ya embe uliisikia kwenye ngazi kabla hujafika kwake. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo hukukwepa harufu hata moja. Nilikuwa nafika nyumbani nimeshashiba kwa mawazo.

Sasa, Mama yangu alikuwa mtu wa Tanga kwelikweli. Kwake futari haikuwa futari mpaka sahani itoke kwenda kwa jirani, awe Mwislamu asiwe. Na sahani ikitoka na chakula, hurudi na chakula. Hakuna aliyeliandika hilo mahali. Hata limau moja linatosha, hata kipande cha muwa, alimradi isirudi tupu. Alikuwa na sahani sita za udongo zenye ukingo wa buluu, alizozisafirisha kwenye begi zikiwa zimeviringishwa khanga, na hizo ndizo zilizokuwa zikitembea.

Aunty Savi alielewa mara moja. Tulipeleka tambi, tukapata achari. Tulipeleka viazi vya nazi, tukapata bajia za pilipili. Na mlango wa pili kutoka kwetu, Mama Divine pia alielewa, maana alisema kwao Bukavu mambo ni yale yale. Sahani ya kwanza aliirudisha na maandazi yao, wao wakiyaita beignets, ya moto, tukayamaliza kabla ya swala. Ya pili ilirudi na karanga za kukaanga. Ya tatu ilirudi na ndizi mbili. Baada ya hapo sahani zikawa zinaenda, hazirudi.

Mimi hilo halikunihusu. Kilichonihusu ni Divine, binti yake, wa rika langu, rafiki yangu wa pekee katika mji ule. Kizulu alikijua kunishinda, na alikuwa akinisemea dukani niliposhikwa na haya. Tulishinda kwenye ngazi tukicheza mdako kwa vijiwe vya ufukweni. Bila Divine, likizo ile ningeihesabu ukutani.

Tulipoingia kumi la mwisho la Ramadhani, sahani nne kati ya sita zilikuwa kwa Mama Divine. Idi ilikuwa inakaribia na wageni wangekuja. Mama aliniita jikoni. "Zuhura, nenda kwa Mama Divine. Msalimie vizuri, mwambie naomba zile sahani, nina wageni Idi. Kwa adabu, umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini njiani, hatua kumi tu za korido, nikakumbuka nilichowahi kumsikia Mama akimnong'oneza Baba kwamba majirani wengine ni kupokea tu. Nikaona ujumbe wangu hauna chumvi. Mama Divine akafungua mlango, kichanga mgongoni, nikamtazama usoni nikasema: "Mama anasema mnakula tu, sahani hamrudishi. Anazitaka."

Hakunikaripia. Alisema tu, "Iko sawa, mwanangu. Ambia mama ninakuja."

Alikuja baada ya dakika chache na sahani zote nne, zimeoshwa, zinang'aa, tupu. "Mama Zuhura, pardon," alimwambia Mama. "Nilikuwa ninatafuta kitu ya kutia ndani. Sikupata. Aksanti sana, batoto bamekula muzuri." Akageuka akaenda. Mama alibaki mlangoni na sahani zake kifuani.

"Umemwambia nini?" aliniuliza.

"Ulivyonituma," nikasema. Nilikuwa nimefunga, na nilidanganya huku nikimtazama machoni.

Kesho yake nilipeleka sahani kama kawaida. Mama Divine alifungua mlango nusu. "Aksanti, mwanangu. Tumeshakula." Nikarudi nayo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Siku ya tatu, ya nne, tumeshakula, tumeshakula, mpaka nikawa nageuka kabla hajamaliza kusema. Divine hakutoka tena kwenye ngazi. Nilikaa pale peke yangu na vijiwe vyangu, nikivirusha na kuvidaka, na moyo uliniuma. Nilijua kosa ni langu, ila sikujua ukubwa wake. Mama naye alinuna. "Basi, kama amejiona, ajione," alisema, lakini sahani hakuacha kuipakua.

Siku ya ishirini na tisa Baba alirudi mapema kutoka Jacobs. Alivua viatu, akakaa jikoni, akasema: "Leo nimemkuta Baba Divine langoni kwetu kiwandani, kwenye foleni ya vibarua. Kumbe pale ufukweni alipokuwa akilinda magari wameletwa watu wengine, tangu kabla ya Krismasi. Na mkewe hajarudi kusuka saluni tangu ajifungue. Hawana kitu wale. Ananiambia jioni ni chai na mkate, watoto na wakubwa."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Aligeuka akanitazama, na safari hii hakuhitaji kuniuliza. Nikasema yote, neno kwa neno, nikilia. Nilingoja kofi. Halikuja. Alikaa kwenye kiti muda mrefu, macho yamemjaa machozi, halafu akainuka akanawa uso.

Nilidhani atapakua sufuria nzima na kuipeleka. Badala yake alichukua sahani moja ya ukingo wa buluu, tupu kabisa, akanishika mkono. Alipiga hodi mwenyewe.

"Mama Divine," alisema, "nimekwama. Nimeanza kupika mambo ya Idi, chumvi imeniishia, na jua hili siwezi kushuka ngazi zote zile. Una chumvi unisaidie?"

Nilimtazama Mama kwa mshangao. Kabatini kwetu kulikuwa na pakiti nzima ya chumvi, haijafunguliwa, niliibeba mwenyewe kutoka dukani. Nikafungua mdomo. Alinifinya kiganja mpaka nikaufunga. Nilichowaza wakati ule, nawaambieni kweli, ni kwamba Mama anadanganya mchana wa Ramadhani, na saumu yake imeharibika ikiwa imebaki saa chache tu.

"Chumvi? Chumvi iko," akasema Mama Divine. Akafungua mlango wote. Aliichukua sahani, akaenda nayo ndani, akairudisha na kilima cha chumvi kiasi cha kupikia harusi. Na uso wake ulikuwa umebadilika, hata mimi niliuona. Kisha akanitazama kichwani. "Na huyu mutoto? Fête yenu ni kesho na kichwa iko hivi? Aikale hapa, nimusuke."

"Asante, dada," alisema Mama. "Basi na ninyi msipike leo. Chakula chenye chumvi yako ni chenu pia."

Jioni ile sahani tatu zilivuka korido, na zote zilipokewa. Divine aliibeba moja mwenyewe. Tulirudi kwenye ngazi siku ya Idi, mimi na nywele zangu mpya, tukala kalimati mpaka vidole vikanata.

Ilinichukua miaka kuielewa sahani ile tupu. Nilikuwa nimeshaolewa, na jikoni kwangu mwenyewe, ndipo nilipojua kwamba chakula hakikumshinda Mama kupeleka. Alichotafuta ni kitu ambacho Mama Divine angeweza kutoa, na katika nyumba ile siku ile kilikuwepo kimoja. Hapo nikamsamehe ule uongo. Wangu sikuusamehe.

Mwaka juzi Divine alikuja kwangu mtaa wa Berea, hukohuko Durban, kunisaidia kupika. Siku hizi ana saluni yake. Nikaona nitue mzigo. Nikamwambia kwamba yale maneno ya mlangoni hayakuwa ya Mama yangu, yalikuwa yangu, na kwamba mama yake alifariki akimdhania mwenzake vibaya.

Alicheka. "Eish, Zuhura! Mama alijua. Ile siku ya chumvi, mama yako alikuwa hayafika hata kwenu, akatuita jikoni, akatuambia: mwenye kutuma maneno ya vile hawezi kuya kuniomba chumvi. Ile maneno ilikuwa ya mutoto. Akasema mutu asikuambie kitu."

Kwa hiyo alijua. Mama aliniacha pale kwa Mama Divine tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, kichwa changu kimo mikononi mwake, na yeye anajua. Mara mbili aliniuliza kama ananiumiza.