Shemeji na uyoga uliokatwa miguu

Leo shemeji yangu nusura atuzike nyumba nzima.

Huyu ni mdogo wake mume wangu, amekuja Ilembo juzi kutoka Dar. Asubuhi kaingia porini peke yake, karudi na ndoo ya uyoga mweupe, umeoshwa, umekatwa kama wa supamaketi.

"Shemu, bandika sufuria!"

Nikamuuliza, vishina vya chini viko wapi?

"Nimeviacha hukohuko. Si uchafu tu?"

Uchafu!

Jamani, huku kwetu uyoga unang'olewa na udongo wake. Mama wa sokoni akikuletea uliokatwa, hununui. Ule wa kuua una kifuko cheupe chini ya shina, kama ganda la yai, kimejificha ardhini. Ukikata juu, ushahidi umeuacha porini.

Mtaalamu wetu wa Dar akacheka. Eti funza wameutoboa, kwa hiyo ni salama. Eti ukichemshwa sana sumu inaisha. Kaona kwenye video!

Nikamwambia twende ukanionyeshe ulipokata.

Tukafukua kwa kijiti. Shina la kwanza, kifuko. La pili, kifuko. La tatu hakulisubiri, alishaanza kunawa mikono kwa maji yangu ya kunywa niliyobeba kwenye chupa.

Ndoo nzima nimeimwaga chooni. Mchana kala ugali na maharage, wala hakuuliza mboga nyingine.

Kumbe picha ya ndoo alishaiposti asubuhi: "Chakula asilia, hakina kemikali." Mpaka sasa hajaifuta.

Nyie mnaomwekea mioyo, uyoga uko chooni. Mwenye hamu aje na kijiko.